Mtungi wa kaburini usio na kitu ndani

Wamisri wa kale walipotayarisha maiti, walipasua ubavu wa kushoto, wakatoa maini, mapafu, tumbo na utumbo, wakavikausha kwa magadi. Moyo waliuacha kifuani, maana ndio ungewekwa kwenye mizani mbele ya Osiris, mungu wa wafu. Vile vinne vilitiwa katika mitungi minne, kila mmoja chini ya ulinzi wa mwana mmoja wa mungu Horus: Imsety akilinda maini, Hapy mapafu, Duamutef tumbo na Qebehsenuef utumbo.

Mpaka hapo hakuna mabishano. Mabishano yanakuja kwenye ukoo wa 21 wa wafalme, miaka 1000 hivi kabla ya Kristo. Viungo vilianza kufungwa vitambaa na kurudishwa mwilini, lakini mitungi haikuacha kuzikwa. Mingine haikutobolewa hata ndani; ni jiwe zima lenye umbo la mtungi.

Wapo wanaosema hiyo ni mila iliyobaki ganda. Siwabezi. Sanduku la alabasta la Hetepheres, mama yake mfalme Khufu, lilipofunguliwa Giza katika miaka ya 1920, mlikuwa bado na vifurushi ndani ya maji ya magadi. Kwa Tutankhamun, viungo vililazwa katika vijeneza vya dhahabu, na juu ya kila shimo la sanduku lake kifuniko chenye uso wa mfalme mwenyewe. Ukitoka hapo ukakutana na jiwe lisilopokea chochote, ni rahisi kuona kwamba mchongaji alijipunguzia kazi, na pengine alijipunguzia kweli.

Hata hivyo, hoja hiyo inampima Mmisri kwa kipimo kisicho chake. Kwake yeye, mkate uliochorwa ukutani ulimlisha marehemu, na kijisanamu cha ushabti kingemlimia shamba huko ahera. Iweje basi mtungi wa jiwe ushindwe kulinda kwa sababu tu hauna tundu?

Kinachonishawishi zaidi kimo ndani ya maiti zenyewe. Katika vifurushi vilivyorudishwa tumboni enzi hiyo, mara nyingi mmekutwa visanamu vya nta vya wale wana wanne wa Horus, vimeviringishwa pamoja na kiungo. Nje mtungi, ndani mlinzi wa nta ambaye hakuna mwombolezaji angemwona tena. Aliyemfinyanga na kumfungia humo hakuwa akitimiza desturi kwa ajili ya macho ya watu.