Uanaume wa masharti

Kwa Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mmoja mtenda, mwingine mtendwa. Mkono wa kulia wazee waliuita mkono wa kuume, na mtu akivumilia maumivu tunasema amejikaza kiume. Hakuna aliyeitisha kikao kuyapanga hayo. Mtoto huyapokea pamoja na lugha, na ndiyo maana mfumo dume ni mgumu kuujadili: tunausema kwa maneno tuliyorithi kwake.

Mtazame mtoto wa miaka minne akianguka. Kabla ya kulia, humwangalia kwanza mtu mzima aliye karibu. Akiwa wa kiume, huenda akasikia, "Jikaze, wewe si mwanaume?" Kidevu kinatetemeka, chozi linarudi lilikotoka. Goti bado linamuuma. Alichojifunza ni kwamba analo jina, na akilia atanyang'anywa.

Kwangu mimi kiini cha jambo kiko hapo. Uanaume hutolewa kwa masharti, na aliyepewa hukaa maisha yake yote akiulinda. (Wanawake nao wana lao: asiyezaa huambiwa hajawa mwanamke kamili, na hilo si dogo.)

Sharti kubwa kwa mwanamume ni kazi. Katika kijiji cha Marienthal, Austria, kiwanda cha nguo kilichokuwa kikiwalisha karibu wote kilifungwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Marie Jahoda na wenzake walikwenda kuwachunguza wanakijiji, wakachapisha matokeo mwaka 1933. Walikaa dirishani wakipima mwendo wa wapita njia. Wanaume walitembea polepole, wakisimamasimama. Wengi hawakuvaa tena saa. Wanawake walipita haraka, kwa kuwa kupika, kufua na kulea havikufungwa pamoja na kiwanda. Tunaweza kuwahurumia wanaume wale, na tunapaswa: mshahara ulipokwenda, ulikwenda na jibu la swali "wewe ni nani?" Ila tusisahau kwamba wanawake walibaki na shughuli kwa sababu zao hazikuwahi kuhesabiwa kuwa kazi.

Wanaoutetea uanaume wa jadi hawasemi upuuzi mtupu. Mwaka 2018 chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilipotoa mwongozo wa kuwahudumia wavulana na wanaume, ukionya kuhusu madhara ya kuficha hisia, wakosoaji walisema ustahimilivu umegeuzwa ugonjwa. Wana hoja. Anayeingia kwenye nyumba inayoungua hana nafasi ya kueleza hofu yake, na kijana asiye na dira hunufaika akiambiwa kuna watu watakaomtegemea. Hata homoni zina sehemu yao, ingawa hakuna homoni inayomwambia mtu asifue nguo.

Ninapoachana nao ni pale ustahimilivu unapokosa mwisho. Moto ukishazimwa, yule mtu bado haruhusiwi kusema aliogopa. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kiwango cha wanaume kujiua ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake. Sababu ni nyingi, lakini sioni jinsi ya kuliondoa katika orodha hiyo lile katazo la kuomba msaada.

Hata hivyo, kuwafanya wanaume ndio wahanga wakuu ni kupotosha. Ni mwaka 1965 tu ndipo sheria ya Ufaransa ilipomruhusu mke kufungua akaunti ya benki na kufanya kazi bila ridhaa ya mumewe. Mwanasosholojia wa Australia, Raewyn Connell, ameeleza kwamba wanaume wachache mno hukifikia kielelezo cha uanaume kinachosifiwa, ilhali wengi hupata gawio lake: kusikilizwa kwanza, kuhudumiwa, kuaminiwa. Gawio hilo ndilo linalofanya masharti yavumilike.

Nina rafiki anayeosha vyombo vizuri kuliko mimi. Mlango ukibishwa, hufuta mikono haraka na kwenda kuketi sebuleni, sahani zikiachwa na povu. Nilimuuliza kama anaona aibu. Akasema hapana, ila hataki maswali. Mkewe, aliyekuwa akipita, akaokota kitambaa na kuendelea pale alipoachia.