Ubia wa baharini: nani atakuja meli ikigongwa?

Septemba 2023 Australia na Ufilipino zilitia saini ubia wa kimkakati. Julai 2024 Japani nayo ikasaini na Manila mkataba unaoruhusu majeshi ya kila upande kuingia kwa mwenzake kufanya mazoezi. India imeshaiuzia Ufilipino makombora ya BrahMos ya kulinda pwani. Yote hayo yanafanyika China ikizidi kujitanua katika Bahari ya China Kusini.

Wanaoutetea ubia wa aina hii, wa mataifa ya kati (yenye nguvu ya wastani, si madola makubwa), wana mfano mzito: Mlango-Bahari wa Malaka. Uharamia ulikuwa umekithiri hapo hata soko la bima la London likauorodhesha mlango huo mwaka 2005 kuwa eneo lenye hatari ya vita. Indonesia, Malaysia na Singapore, zilizoanza doria za pamoja mwaka 2004, zilikaza uzi, zikaongeza na ndege za upelelezi. Agosti 2006 Malaka ikaondolewa kwenye orodha, na wala hazikuhitaji wanajeshi wa Marekani, ambao Jakarta na Kuala Lumpur zilikuwa zimewakataa.

Lakini haramia hana dola nyuma yake. China inayo, na hukumu ya mahakama ya usuluhishi ya kimataifa ya mwaka 2016, iliyoipa Ufilipino ushindi dhidi yake kuhusu bahari hiyo, imeikataa waziwazi.

Wakosoaji husema ubia huu unaichokoza Beijing. Hoja hiyo hainishawishi: China iliudhibiti mwamba wa Scarborough, unaodaiwa pia na Ufilipino, mwaka 2012, kabla ya mikataba hii. Kinachonitia wasiwasi ni kingine. Mkataba wa Japani unaruhusu majeshi kuingia. Haulazimishi yeyote kupigana. Anayefungwa na mkataba wa kulindana na Manila, tangu 1951, ni Marekani pekee.

Meli ya walinzi wa pwani wa Ufilipino, Teresa Magbanua, inaonyesha pande zote mbili za ubia huu: faida yake na mipaka yake. Ni meli ya mita 97, imeundwa Japani na kununuliwa kwa mkopo wa Japani. Mwaka 2024 ilikaa miezi mitano kwenye fungu la Sabina katika bahari hiyo inayogombewa, muda ambao boti ndogo zisingeuweza. Agosti iligongwa na meli ya China. Septemba ikarudi bandarini, imeharibika, chakula kimepungua na baadhi ya mabaharia wakiwa wagonjwa. Mikataba ijayo ianzie hapo: nani atapeleka chakula, nani atatengeneza meli, nani atashika zamu.