London hadi Paris: treni inaishinda ndege, ila nauli ni kizungumkuti

Anayekaa London akitaka kwenda Paris, ndege humvutia kwanza: kutoka Heathrow hadi Charles de Gaulle ni kama saa moja na robo angani. Treni ya Eurostar huchukua saa mbili na dakika 20 hivi, basi saa nane au tisa. Lakini safari huanzia mlangoni kwako. Uwanja wa Charles de Gaulle uko kilomita 25 hivi nje ya mji. Ukishatua kuna foleni ya pasipoti, kungoja begi, kisha treni ya RER B ya kuingia mjini. Eurostar inaondokea kituo cha St Pancras, London, pasipoti inakaguliwa na Wafaransa papo hapo kabla hujapanda, na ukishuka kituo cha Gare du Nord, Paris, unatoka moja kwa moja mtaani. Tena unaruhusiwa masanduku mawili na mkoba wa mkononi, na hakuna anayeyapima uzito. Kwa anayewapelekea ndugu zawadi, hilo si jambo dogo.

Anayeishi Manchester au Birmingham, mbali na London, ana haki ya kuchagua ndege. Wa Kent, mkoa ambao treni hiyo hupitia, ndio wanaonisikitisha: tangu 2020 Eurostar haisimami vituo vyao vya Ebbsfleet wala Ashford, hivyo inawapita mlangoni nao wanalazimika kupanda kwenda London kuifuata.

Tatizo kubwa la treni ni nauli. Ukikata mapema unapata nafuu. Siku zikikaribia, inapaa. Mtu aliyepokea habari za msiba usiku na anataka kuondoka alfajiri hana mapema yoyote. Tangu huduma ilipoanza mwaka 1994, Eurostar peke yake ndiyo inayopitisha treni za abiria kati ya miji hii, na bila mshindani sioni cha kuilazimisha ipunguze. Oktoba 2025 mdhibiti wa reli Uingereza aliikubalia kampuni ya Virgin kutumia karakana ya treni ya Temple Mills, London, na bila karakana hakuna kampuni inayoweza kuingia. Njia yenyewe nayo ni moja: Desemba 30, 2023 maji yalijaa kwenye handaki chini ya mto Thames, na safari za siku nzima zikafutwa.

Basi linadharauliwa bure. Linatoka kituo cha Victoria, London, likifika bandari ya Dover abiria wote wanashuka na pasipoti mkononi, wanakaguliwa, wanapanda tena, kisha feri inawavusha hadi Calais kwa saa moja na nusu. Usingizi wa vipande vipande unachosha, hasa kwa mzee au mwenye mtoto mdogo, lakini mara nyingi ndilo lenye nauli ya chini kuliko zote.

Virgin inalenga kuanza safari 2030. Kwa sasa, mwenye tarehe ya uhakika akate treni mapema. Aliyeshtukizwa alinganishe ndege na basi, ajumlishe malipo ya begi na nauli ya kuingia mjini kabla hajalipa. Na mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya aitafute kwanza viza ya Schengen, ile ya kuingia Ufaransa, hata kama ana kibali cha kuishi Uingereza. Haijalishi atapanda nini.