Msiwaite Wasaidizi

Jana usiku nimesoma makala ya kitaaluma kuhusu vijiji vya Sagaing, Myanmar: jinsi watu wanavyojiendeshea shule na mabaraza yao tangu jeshi lipindue serikali tarehe 1 Februari 2021. Kazi nzuri. Ila waliozunguka vijijini kuhoji watu wamepewa mstari mmoja kwenye tanbihi: “wasaidizi wa utafiti”. Usingizi ukaniruka.

Majina yafichwe, hilo sibishi. Sean Turnell, mchumi wa Australia, alikaa jela huko mwaka mmoja na miezi tisa, na nchi yake ilikuwa ikimpigania. Kijana wa Sagaing akikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani na simu yenye sauti za mahojiano, nani atampigania?

Ninachokataa ni neno “msaidizi”. Mei 2021 wafanyakazi zaidi ya 11,000 wa vyuo vikuu walisimamishwa kazi kwa kugomea utawala wa kijeshi. Kati yao wamo wahadhiri, na watu wa aina hiyo ndio mnaowaita wasaidizi. Wanajua kwa nini wanawake wa Yangon walianika htamein, vitambaa vyao vya kujifunga kiunoni, kwenye kamba juu ya barabara: wengi huamini mwanamume akipita chini yake nguvu zake za kiume humtoka, na askari walisita kupita. Dodoso halikupi maana hiyo. Anakupa mwenye lugha, na kukupa maana ndiko kuchambua.

Nayasema kwa uchungu kwa sababu nimewahi kubeba dodoso la watu. Mama mmoja aliulizwa kama wamekosa chakula, akajibu hapana. Mimi nikaona mafiga yana majivu ya juzi, nikaandika pembeni: “moto haujawashwa.” Ripoti ilipotoka, mafiga yale yalikuwa ugunduzi wa bosi.

Babu zetu wa Keya (KAR, askari Waafrika wa jeshi la Waingereza) walipigana mkoa huo huo wa Sagaing mwaka 1944, kutoka bonde la Kabaw hadi Kalewa, na vitabu vingi vinawataja makamanda tu.

Malipo nayo yapandishwe. Lakini kwanza waingie kwenye safu ya waandishi, hata kwa jina la bandia. Yapo majarida yanayokubali, nayashukuru. Basi, wahariri, msimwekee mwandishi huyo fomu inayodai barua pepe ya chuo. Mhadhiri aliyefukuzwa kwa kugoma alinyang'anywa na hiyo.