Vifaranga vya sato na perege wa mito yetu

Wanaotaka vifaranga vya sato vifike kila bonde la mto Tanzania wana hoja nzito. Sato, ndugu wa perege wa mito yetu, anakua haraka, soko linamjua, na mfugaji aliyekopa ili achimbe bwawa hawezi kuambiwa asubiri utafiti. Tena katika mito mingi sato ameshafika, kwa kupandikizwa makusudi tangu enzi za ukoloni. Mtu akiuliza kilichobaki cha kulinda ni nini, swali lake ni la haki.

Jibu lipo, ila hueleweka vibaya. Wahifadhi wakisema sato asivushwe kutoka bonde moja hadi jingine, huonekana wanawathamini samaki kuliko watu wenye njaa. Kumbe wanachotetea ni mbegu ya ufugaji wenyewe.

Pangani, Wami, Rufiji na Ruvuma, kila mto unaingia Bahari ya Hindi kivyake, na perege wake wameishi wakiwa wametengana kwa muda mrefu mno. Pangani ina Oreochromis jipe. Wami na Rufiji zina Oreochromis urolepis, naye ana jamii zake mbili, moja kwa kila mto. Manyara na Eyasi, kwenye maji ya magadi, yupo Oreochromis amphimelas. Sokoni wote ni perege tu, lakini vinasaba vyao vimezoea maji, joto na chumvi tofauti.

Sato huzaa na wengi wa ndugu zake hawa, na machotara wao nao huzaa. Mvua kubwa ikinyesha, tuta la bwawa likapasuka, vifaranga vinaingia mtoni na kazi inaanza. Mwanzoni jicho la mvuvi linaweza kushtuka: sato halisi ana mistari ya wima iliyonyooka vizuri kwenye pezi la mkia, chotara anaweza kuwa na mistari iliyokatikakatika au madoa. Vizazi vichache baadaye hata mtaalamu hawezi kusema kwa kuangalia. Inabidi kupima DNA.

Hutajwa kisa cha ngege, perege wa asili wa Ziwa Victoria, kwamba sato ndiye aliyewamaliza, na upande wa pili hujibu kwamba ngege walianza kupungua kabla ya sato kuletwa miaka ya 1950, kwa sababu ya nyavu za makila zilizoingia mwaka 1905, kisha akaja sangara. Ni kweli, na anayemtwika sato lawama zote anakosea. Lakini tofauti ya madhara hayo ndiyo inayonisumbua. Samaki waliovuliwa kupita kiasi wanaweza kurudi uvuvi ukipunguzwa. Vinasaba vikishachanganyika mto mzima, hakuna sheria wala doria itakayovitenganisha. Ngege waliosalia katika maziwa madogo ya pembeni, kama Kanyaboli nchini Kenya, ndio akiba yetu, na sato akiingia humo akiba hiyo inachujuka.

Tena huyo sato bora anayesifiwa ametoka wapi? Mradi maarufu wa kumboresha ulianza Ufilipino mwaka 1988 kwa kuunganisha koo nane. Nne zilikuwa za kufugwa Asia. Nne nyingine zilichukuliwa kwenye maji ya asili ya Misri, Ghana, Kenya na Senegal. Nusu ya msingi wake ni samaki pori wa Afrika, waliokuwa bado wanatofautiana. Shirika la WorldFish, lililosimamia kazi hiyo, kwa miaka mingi lilikataa kumrudisha samaki huyo Afrika kwa kuhofia kuchafua koo za asili. Lilibadili msimamo mwaka 2007.

Perege wa Wami naye ana siri yake. Tangu karibu mwaka 1960 inajulikana kwamba dume la jamii yake likipandishwa kwa jike la perege wa Msumbiji, watoto huwa madume watupu. Kwa mfugaji hiyo ni faida kubwa, maana bwawa halijai vifaranga visivyouzika. Sharti ni moja: wazazi wawe safi. Damu ikiwa imechanganyika, majike huanza kutokea na faida inapotea.

Si kila uhamishaji ni mbaya. Ngege walipandikizwa bwawa la Nyumba ya Mungu, nje ya kwao. Hapo spishi ilipata makazi mengine, ingawa ni katika bonde la Pangani, kwao Oreochromis jipe, ambaye naye yuko hatarini.

Kwangu mizani imelala: sato afugwe kwenye bonde la Victoria ambako ameshaenea, na mabonde ya mashariki yapate vituo vya kuzalisha perege wa hukohuko, wakichaguliwa kizazi hadi kizazi kwa ukuaji. Itachukua miaka, na gharama ya kusubiri isibebwe na mfugaji mdogo. Ni ya serikali. Kwa sasa, kituo kinachouza vifaranga kilazimike kuonyesha vimetoka bonde gani na wazazi wao wamepimwa. Kipande kidogo cha pezi kilichohifadhiwa kwenye spiriti kinatosha kwa kipimo, na samaki mwenyewe anarudishwa majini akiwa hai.