Bibi tumemshusha kwa kiti cha plastiki, nyie mnanambia rangi

Jumatatu asubuhi tumembeba bibi yangu kutoka ghorofa ya nne Michenzani, hapa Unguja, kwa kiti cha plastiki, kile cheupe cha shughulini. Wanaume wanne, mmoja kitambi mbele anahema, na kila kona ya ngazi tunasimama tukiinamishe kiti kipite. Bibi kakumbatia mkoba wa dawa anatwambia "taratibu wajukuu zangu, hili si jeneza bado." Tukacheka, tufanyeje. Kliniki ya presha yenyewe dakika kumi tu, kazi ilikuwa kumrudisha juu.

Narudi nyumbani nafungua simu, watu wanabishana majumba haya ya Michenzani yapakwe rangi gani. Rangi!

Beit el Ajaib, kasri ya sultani ilojengwa 1883, ilitiwa lifti, wakubwa wasichoke magoti. Majumba yetu ya treni, tunayaita hivyo kwa urefu wake, ramani kutoka Ujerumani Mashariki na watu wakajitolea kujenga, ya kwetu haina hata pa kuitia hiyo lifti. Haya, sikatai, watu walitoka kwenye nyumba za udongo na makuti wakaingia kwenye umeme na bomba, Mzee Karume kwa hilo mpeni haki yake. Na walohamia walikuwa vijana, bibi alipanda ngazi zile na mimba ya mama yangu, ndoo kichwani. Lakini ile mimba ya mama yangu sasa ina wajukuu! Kuna aliyehitaji kupiga ramli kujua kuwa wapangaji watazeeka?

Mtu atasema ahamie kwa watoto wake Fuoni. Nyumba ipo kweli, na chumba kipo. Ila miaka yote hii majirani zake wako pale pale, adhana ya msikiti wake anaijua kwa sauti ya muadhini, huko Fuoni atakaa barazani anamtazama nani? Na msinitajie nyumba za wazee za Sebleni wala Welezo, kule ni kwa wasio na watu. Pensheni jamii ya wazee tunashukuru, ilianza 2016 kwa shilingi 20,000, lakini pesa haikushushi ngazi.

Ninachotaka mie ni kidogo tu. Nyumba ya chini ikiwa wazi apewe kwanza mzee wa juu, kijana apande. Wabadilishane funguo kwa karatasi rasmi, isiwe kujuana na kupeana bahasha, maana sasa chini kote maduka ya simu na saluni, na ukiuliza utaratibu unaambiwa njoo wiki ijayo. Tena vyuma vya kushikia kwenye ngazi vichomelewe, kwetu kimoja kimebaki kamba.

Kwa sasa bibi anateremsha kapu dirishani, muuza mboga anatia mchicha, anavuta. Watalii wanapiga picha eti pazuri.

Kliniki nyengine tarehe 14. Yule mwenye kitambi keshanitumia meseji, mgongo unamuuma.