Mashua kuukuu ifungwe injini gani?

Mashua tuliyoinunua Pangani, mimi na wenzangu wawili, ina urefu wa mita 10, na aliyekuwa nayo kabla yetu alikuwa ameifunga injini ya lori. Maji yalipokupwa na chombo kikalala ubavu kwenye tope, fundi alipita na nyundo akigonga mbao moja baada ya nyingine kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, sikio kalitega. Zilizooza zilikuwa mbili tu, karibu na fashini, gogo la wima la tezi. Injini ndiyo iliyokuwa maiti. Tulipofungua bloku tulikuta njia za maji zimezibwa na chumvi na kutu. Ukichokonoa kwa bisibisi linamwagika vumbi la rangi ya kahawa. Miaka yote ile ilikuwa ikipozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja.

Tufunge nini sasa? Ukiuliza ufukweni, wengi watakwambia: nunua Yamaha ya petroli ya kupachika nyuma ya chombo, ya farasi 40, mambo ya dizeli achana nayo. Wazee wawili watatu watakwambia dizeli ya ndani, tena ndogo. Nimesikiliza pande zote mbili kwa miezi kadhaa, na nakiri kwamba wenye injini za kupachika wana hoja nzito kuliko nilivyodhani mwanzoni.

Hoja yao ya kwanza ni fundi na spea. Injini yao, ya mipigo miwili, ni mashine nyepesi kuielewa: plagi, kabureta, pistoni na ringi zake. Ikizima asubuhi, utampata mtu wa kuifungua kabla ya adhuhuri, na spea zake zinauzwa mjini. Hoja ya pili ni mwambao wenyewe. Kwetu, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Chombo kinachorudi maji yakiwa yametoka kinapita juu ya matumbawe na mchanga, na mwenye injini ya kupachika hunyanyua mguu wake akasukuma kwa pondo. Ya tatu ni uzito: ya 40 ina kilo sabini na kitu, watu wawili wanaibeba hadi nyumbani. Ingawa hapo pana upande wa pili, maana kinachobebwa na wenyewe kwa urahisi hubebwa na mwizi kwa urahisi uleule. Na bei ya kununua, ukilinganisha na dizeli ya baharini pamoja na giaboksi na shafti yake, ni ya chini.

Kwa boti jembamba la faiba, au kwa mtu anayekimbiza samaki wabichi wawahi mnada wa alfajiri, sioni la kubishana. Afunge ya kupachika.

Ila mashua ya mbao ni kitu kingine. Chombo kinachokwenda kwa kupasua maji, si kwa kuteleza juu yake, kina kikomo cha mwendo. Chukua urefu wa sehemu iliyogusa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 2.43. Yetu inagusa maji kwa mita 8.5, kwa hiyo kikomo chake ni kama maili 7 za baharini kwa saa. Uifunge 40 au uifunge 80, itainua omo, itazamisha tezi, itaburuta wimbi kubwa nyuma yake, na mwendo utabaki palepale. Kwa mwendo wa maili 6, chombo cha tani 5 kama hiki kinahitaji kama farasi 15 tu, na akiba kidogo kwa siku ambayo kusi imechafuka.

Hapo ndipo mafuta yanapoamua. Dizeli huchoma kama robo lita kwa kila farasi kwa saa, au pungufu kidogo. Petroli ya mipigo miwili hukaribia nusu lita, kwa sababu sehemu ya mchanganyiko hutoka na moshi bila kuungua. Halafu kuna propela. Ya injini ya kupachika ni ndogo, inchi 11 hivi, na imetengenezwa izunguke kwa kasi nyuma ya boti jepesi. Nyuma ya mashua nzito inachafua maji tu. Dizeli yenye giaboksi ya kupunguza mizunguko huzungusha propela ya inchi 17 taratibu. Ni tofauti ya kuvuta kasia pana na kuvuta mwiko.

Kwa makadirio yangu, safari ya saa 6 za injini itakula lita 22 au 23 za dizeli. Ya kupachika, kwa kuwa propela yake ndogo inaidai nguvu zaidi, itakula lita 70 za petroli, na juu yake oili, lita 1 kwa kila lita 50. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wanapotangaza bei kikomo za mafuta, zidisha mwenyewe, kisha zidisha kwa safari za msimu mmoja. Tofauti ya bei ya dukani huliwa mapema sana.

Kuna injini za kupachika za mipigo minne zinazopunguza ulaji huo, lakini zina uzito zaidi, bei zaidi, na kwetu mafundi wake ni wachache. Sikuzifikiria kwa muda mrefu.

Jambo jingine ni moto, nalo linanikosesha usingizi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka ukajikusanya chini ya sakafu ya chombo, kwenye maji ya ngama. Chombo cha dagaa kinachobeba karabai na madumu ya petroli pamoja kimebeba hatari ambayo dizeli haina kwa kiwango hicho.

Sasa, injini ya lori. Wengi huichagua kwa kuwa ni rahisi kuipata na spea zake zipo kila gereji. Sikatai, lakini ipewe haki yake. Ipozwe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanayozunguka kwenye mabomba yaliyolazwa nje, kando ya mkuku, bahari isiingie kwenye bloku kabisa. Giaboksi ya lori iachwe lorini, maana haikutengenezwa kupokea msukumo wa propela unaoirudisha ndani saa baada ya saa. Na sampu, bakuli la oili chini ya injini, ikaguliwe, kwa sababu injini inayokaa imeinamia tezi inaweza kukosa oili upande mmoja. Ukishanunua hivyo vyote, urahisi umepungua sana.

Dizeli ya silinda moja ya Kichina, yenye farasi 12, ni nafuu kweli. Lakini inatikisa. Kwenye mashua ya zamani mtikisiko huo hulegeza misumari na kutoa kalafati, pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, kwa hiyo anayeifunga aweke kwanza magogo marefu yanayoshika mataruma, yaani mbavu za chombo, mengi, nguvu isikae pahali pamoja. Sisi tumeamua silinda mbili au tatu, farasi 20, ya baharini hata kama ni mtumba. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko ile ya lori, tezi itanyanyuka, na farumi ya mawe itabidi iongezwe ili propela isikae juujuu. Mlingoti hatuung'oi. Wakati wa kaskazi tanga litaturudisha nyumbani bure.

Jumamosi tulipima kwa fito kimo cha nafasi ya propela kati ya fashini na usukani: inchi 21. Ukiacha inchi 2 juu na 2 chini, propela inabaki ya 17. Giaboksi tunayoitafuta, basi, ni ya kupunguza mara 2.5 hivi, na kabla haijapatikana fundi anabadilisha zile mbao mbili.